Nilitania Kwenye Kaburi la Baba wa Mwenyekiti

Wiki jana mliniacha nimevaa koti la marehemu, nimesimama ukingoni mwa kaburi, na watu wote wanacheka. Natamani ningebaki hapohapo. Yaliyofuata hayana kicheko.

Kwa wewe uliyeokota gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, labda limekuja limefungia maandazi, nakupa kwa kifupi. Naitwa Bernadeta Ndahani. Ni diwani wa viti maalumu katika halmashauri moja ya huku Mwanza ambayo mhariri kanikataza kuitaja jina. Mimi ni Mgogo. Baba yangu aliletwa huku na kazi ya reli, akazaa huku, akazikwa huku. Lakini Mgogo ni Mgogo, na Msukuma ni mtani wangu tangu enzi za mababu.

Nyumbani ni Nyang'homela, nyuma ya miamba, kando ya ziwa. Hatuna zahanati. Boma tumelijenga wenyewe. Akina mama walibeba mawe kichwani, akina baba wakachoma tofali, ukuta ukafika kwenye linta, tukasimama. Utaratibu ndivyo ulivyo: wananchi mnainua ukuta, halmashauri inapaua.

Basi halmashauri haijapaua.

Fedha za bati zipo, zimekaa. Mwenyekiti wa Halmashauri, Mheshimiwa Alexander Mashimba, anataka zihamishiwe kwenye uzio wa soko la kata yake. Mkurugenzi anataka zinunue gari, kwa sababu alilonalo eti linamuumiza mgongo. Wamegombana mpaka hawasalimiani, kila kikao kinavunjika. Na saruji na nondo za kumalizia linta, ambazo zilishanunuliwa, kila tukiuliza tunaambiwa "ziko njiani".

Msinikumbushe ile methali ya mafahali na nyasi. Nyasi huota tena. Mkwe wangu Odeta mwaka jana alishikwa na uchungu, tukampakia kwenye pikipiki kumpeleka Buswelu, akajifungulia barabarani kwenye vumbi. Mtoto hakuishi. Sasa hivi Odeta ni mjamzito tena, mwanangu yuko visiwani kwenye uvuvi, na lile boma letu linaliwa na mvua.

Mimi kwenye siasa natafuta bati tu. Sina kingine.

Sasa turudi kaburini.

Mzee Mashimba, baba yake Mwenyekiti, alipofariki, nilikwenda kama diwani, na nilikwenda kama mtani. Wanaojua mila wanajua. Mtani haendi msibani kulia tu, anakwenda kuvuruga. Anavaa nguo za marehemu, anaiga mwendo wake, anazuia maziko mpaka apewe kitu, na anawasema wafiwa hadharani maneno ambayo mtu mwingine akiyasema atapigwa. Wafiwa wanacheka huku wanalia. Ndiyo dawa yenyewe.

Kaburi lilikuwa limejengwa likajengeka, zege kila upande. Nikavaa koti la mzee, nikakohoa kama yeye, nikaegemea fimbo yake.

"Aleki mwanangu," nikasema kwa sauti ya mzee. "Nimekulea kwenye nyumba ya tope. Leo zege lote hili umelitoa wapi?"

Watu wakaanza kuguna na kusukumana.

"Watu wa Nyang'homela mmekuja? Sogeeni mwone! Saruji ya zahanati mliyoambiwa iko njiani, kumbe njia yenyewe ilikuwa inakuja huku kwangu! Basi mimi sitoki. Mnaotaka kuzaa njooni mzalie humu!"

Loo! Walicheka mpaka kwaya ikashindwa kuimba. Mwenyekiti mwenyewe alijifuta machozi, akaja akanishika mkono.

"Mtani, umetuweza," akasema. "Vua basi koti la baba tumzike."

"Sivui bila kitu."

Nikapewa jogoo. Nikavua koti. Mzee akazikwa.

Mliniacha kabla ya jogoo; sasa sikilizeni yaliyofuata.

Matanga hayajaanuliwa, video ikaanza kutembea kwenye simu za watu. Imekatwa. Mwanzo haupo, kicheko hakipo, jogoo hayupo. Nipo mimi tu, uso umevutwa karibu, nasema saruji ya zahanati ilikuwa inakuja huku. Juu yake wameandika kwa herufi kubwa: DIWANI AMLIPUA MWENYEKITI MSIBANI.

Kwanza nilicheka, sitawaficha. Nikasema, nani Mwanza hii asiyejua utani? Kumbe wapo wengi, na wote wana simu.

Kesho yake nilipotokea pale mwaloni, mitumbwi inaposhusha samaki, wanawake wakanipigia vigelegele.

"Mama umesema! Hakuna mwingine angethubutu!"

"Sikusema, nilitania."

"Ndiyo, ulitania," akajibu Sabina, muuza dagaa, huku ananikonyeza. "Tumekuelewa, Mheshimiwa."

"Sabina, haki ya Mungu nilikuwa natania! Mimi saruji nitajua iko wapi?"

"Lisemwalo lipo, mama. Kama halipo, laja."

Utamjibu nini mtu kama huyo? Kila nilivyokana ndivyo walivyozidi kunikonyeza. Mmoja akanifungia hadi dagaa kwenye mfuko, zawadi ya ushujaa. Nikazipokea, maana kukataa nako kungekuwa habari nyingine.

Mwenyekiti akaniita ofisini. Nikaingia na utani wangu kama kawaida.

"Mtani, yule jogoo wako mgumu! Tumemchemsha mpaka kuni zimeisha."

Hakucheka.

"Funga mlango, Mheshimiwa."

Hapo nikajua mambo yameharibika. Tangu tujuane hajawahi kuniita Mheshimiwa tukiwa wawili.

"Unajua kabisa kwamba nilikuwa natania," nikasema.

"Najua. Mimi Msukuma, nitakosaje kujua? Lakini Mkurugenzi ameipeleka ile video kwa wakubwa. Kwa hiyo kwenye baraza utasimama, utaomba radhi."

"Niombe radhi?"

"Useme ulikosea, na kwamba ulitumwa na Mkurugenzi."

Nikamwangalia vizuri, nione kama ni yeye.

"Aleki, mtani haombi radhi. Akiomba radhi, maana yake lilikuwa tusi. Nitakuwa nimemtukana baba yako kwenye kaburi lake. Utani wa kwetu na kwenu nitakuwa nimeuua mimi. Ndicho unachotaka?"

"Nataka kiti changu," akasema. Angalau hilo alilisema bila kuzunguka. "Ukiomba radhi, habari ya uzio naiacha, bati zinakwenda Nyang'homela. Usipoomba, zahanati utakuwa unaisikia redioni."

Nikatoka. Sijafika hata getini, simu ikaita. Ni Maige, diwani mwenzangu, mtu wa Mkurugenzi. Anataka tunywe chai Nyegezi, karibu na stendi, kwa wasafiri, ambako hakuna atakayetujua.

"Dada Bernadeta, umetufungulia mlango!" akaanza hata kabla sijakaa. "Barazani utaulizwa kama ulichosema ni kweli. Wewe sema ni kweli. Basi! Mwenyekiti anaondoka, Mkurugenzi anasaini, bati zinapanda."

"Lakini sijui kama ni kweli."

"Nani amekuuliza kama unajua?"

"Maige, nimsingizie mfiwa wizi?"

"Si umeshamsingizia? Tena umevaa koti la baba yake."

Akasema hivyo huku anakula chapati. Alipomaliza yake, akavuta na yangu. Sikuwa na hamu nayo hata hivyo.

Nikarudi nyumbani, nikakaa kwenye kigoda kama mgonjwa. Mwenyekiti anataka niseme uongo kwamba nilitumwa, anipe bati. Mkurugenzi anataka niseme uongo kwamba najua, anipe bati. Ukweli peke yake ndio ulikuwa hauna bati, na ukweli wenyewe ni kwamba nilikuwa nachekesha watu.

Odeta alikuwa anachambua mchele, tumbo limefika kwenye ungo.

"Mama," akaniambia, hata hakuinua kichwa. "Wewe sema lolote. Mimi nataka mahali pa kuzalia."

Niliona aibu. Mtoto wa watu hakuomba dhahabu.

Wakaitisha baraza. Siku moja kabla, mchana jua kali, bajaji ikasimama nje. Akashuka bibi mmoja amejifunga kitenge cheusi. Bibi Tereza, mjane wa Mzee Mashimba, mama mzazi wa Mwenyekiti!

Nikakimbia kumpokea mkoba. Moyoni najisemea, amekuja kunilaani, na akinilaani ana haki.

"Shikamoo, mayu," nikamwamkia. Mayu ni mama kwa Kisukuma, na ndilo neno nililokuwa na nguvu ya kulitamka.

"Marahaba, mtani wangu."

Mtani wangu! Karibu nilie. Tangu ile video itoke, ndiye mtu wa kwanza kuniita hivyo kwa moyo.

Akakataa chai. Akakataa kiti, akakaa kwenye mkeka, akanyoosha miguu.

"Bernadeta, nimekuja na neno moja. Nani alikuambia?"

"Kuniambia nini, mayu?"

"Habari ya saruji."

"Hakuna aliyeniambia. Nilitania."

"Usinifiche. Mimi mtu mzima."

"Haki ya Mungu, mayu, nilitunga palepale! Kaburi nimeliona zege tupu, na saruji yetu haijafika, nikaunganisha nichekeshe watu. Hakuna aliyeniambia kitu!"

Akanitazama. Akanitazama tena, akaona sidanganyi. Uso wake ukabadilika, akajiziba mdomo kwa mkono.

Na mimi nikaelewa. Mungu wangu, nilielewa, na nilikuwa sitaki kuelewa.

"Mayu," nikasema polepole. "Kumbe ni kweli?"

Bibi akaanza kulia bila sauti.

"Lori lilikuja tukiwa kwenye msiba, wanawake tunapika," akasema. "Nikamuuliza dereva, mwanangu, mzigo wote huu wa nani? Akaniambia, ni wa zahanati ya Nyang'homela, bibi, lakini mkubwa kasema ushushwe hapa. Nikamwita Aleki pembeni. Akasema, mayu, nitarudisha, baba hawezi kulala kwenye tope kama mtu asiyezaa. Sasa ningefanya nini? Mume wangu yuko ndani amelazwa, mwanangu analia kama mtoto. Nikanyamaza."

"Atarudisha lini?"

"Wewe si ndiye diwani? Niambie wewe."

Nikabaki nachomoa ukindu wa mkeka.

"Pale kaburini wote mlicheka," akaendelea. "Mimi nilitetemeka. Nilisema mume wangu amerudi kunisuta kwa mdomo wako. Bernadeta, nakuomba. Usinitaje. Wakijua limetoka kwangu, mwanangu nitakuwa nimemzika na baba yake. Na wakisema kaburi livunjwe..."

Akashindwa kumaliza. Akapiga magoti mbele yangu. Mwanamke wa umri wa mama yangu, kapiga magoti kwenye mkeka wangu! Nikapiga magoti na mimi, tukashikana mabega.

"Sitakutaja, mayu. Naapa."

Tuliponyanyuka, Odeta alikuwa mlangoni. Alikuwa amesikia yote. Akamletea bibi maji ya kunawa uso.

"Lini, mwanangu?" Bibi Tereza akamuuliza, macho kwenye tumbo.

"Mwezi huuhuu, bibi."

"Utazalia wapi?"

Odeta akanitazama mimi. Mimi nikatazama chini. Bibi akaliwekea lile tumbo kiganja, akakaa hivyo kidogo, kisha akachukua mkoba wake akapanda bajaji.

Wazee walisema mzaha mzaha hutumbua usaha. Wangetuambia pia usaha ukitumbuka mtu anautia wapi.

Siku ya baraza nilifika mapema. Nikaona jambo la ajabu. Gari la Mkurugenzi limesimama, mlango wa nyuma umefunguka, na anayeshuka ni Mwenyekiti! Wanashikana mikono, wanapigana mabega, wanacheka.

Maige akanivuta pembeni.

"Dada, mambo yamebadilika. Wamepatanishwa. Fedha wanagawana, uzio upate kidogo, gari lipate kidogo. Ile kauli yako haihitajiki tena."

"Na zahanati?"

"Mwaka wa fedha ujao, Mungu akipenda."

"Odeta anazaa mwezi huu, Maige."

"Odeta ndiye nani?" akauliza, naye akaingia ukumbini.

Nikaingia na mimi. Nilisema moyoni, leo nasema. Juzi nilikuwa sijui, leo najua. Nitasema jambo lenyewe, aliyeniambia simtaji.

Ilipofika ajenda ya kuhamisha fedha, nikasimama.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, kabla hatujahamisha. Pale msibani nilisema saruji ya zahanati imejengea kaburi. Leo sijavaa koti la mtu. Akili zangu zimetulia. Nasema ni kweli."

Nikaona Mwenyekiti anakaza shingo.

Aliyeanza kucheka ni Mkurugenzi. Yeye ndiye aliyenitumia mtu Nyegezi niseme maneno hayohayo!

"Huyu mama!" akasema, anapiga meza. "Hajaacha tu utani wake!"

Maige akadakia. Wakafuata wengine, ukumbi mzima, madiwani wanapiga meza, wanapigana makofi mgongoni.

"Mgogo huyo! Mpeni jogoo aketi!"

"Sitanii!" nikapaza sauti. "Waheshimiwa, leo sitanii!"

Wakazidi kucheka. Nikaanza kulia, machozi ya kweli yananitoka, mwingine akasema, "Mwoneni anavyoiga wafiwa!" Jamani, nyie mmewahi kulia mbele za watu, watu wakawashangilia? Sikujua niweke wapi mikono yangu.

Mwenyekiti peke yake hakucheka. Akagonga meza, wakatulia.

"Mheshimiwa Bernadeta. Unasema ni kweli?"

"Ni kweli."

"Vizuri. Shahidi wako ni nani?"

Aliuliza taratibu, kwa adabu, lakini macho yake yalikuwa yananichimba. Alijua jambo hili haliwezi kutoka popote ila ndani ya nyumba yao. Alitaka jina.

Nikageuza macho nisimtazame. Yakaangukia viti vya nyuma, wanakokaa wananchi wanaokuja kusikiliza. Pale wapo wanawake wa Nyang'homela, yupo Sabina. Na pembeni ya Sabina, kitenge cheusi. Bibi Tereza alikuwa amekuja. Ameinamisha kichwa, anajishika vidole.

Nikitaja jina lake, nina shahidi, na labda nina bati. Nisipotaja, sina kitu. Nilimwona Odeta na ungo wake. Nikamwona bibi amepiga magoti kwenye mkeka. Nilimwomba Mungu anipe neno la tatu, hakunipa.

"Nauliza, Mheshimiwa. Shahidi wako ni nani?"

"Sina," nikasema.

"Hatusikii."

"Sina shahidi."

Nikakaa. Kuna aliyecheka tena, nikamwacha acheke.

"Wanaoafiki fedha zihamishwe waseme ndiyo."

"Ndiyooo!"

"Wasioafiki?"

"Siyo," nikasema, mimi peke yangu, kwa sauti ambayo hata mwenyewe niliisikia kwa shida.

"Walioafiki wameshinda. Twende ajenda inayofuata."

Ndivyo zahanati yetu ilivyokwisha. Mawe yote yale yaliyobebwa kichwani. Wanawake wa Nyang'homela hata hawakupiga kelele, walianza tu kufunga vitenge vyao waondoke.

Nyuma kiti kikaburuzwa.

"Aleki."

Hakuna anayemwita hivyo mle ndani. Mwenyekiti aliinua kichwa kabla hajajua nani anamwita. Mgambo wa mlangoni akasogea, akamwona aliyesimama ni bibi kizee, akasita.

"Mayu," Mwenyekiti akasema. Kipaza sauti kilikuwa wazi, wote tukasikia sauti yake inavyotetemeka. "Mayu, tafadhali, kaa chini."

"Sikai," akasema Bibi Tereza. "Si uliuliza shahidi? Shahidi ni mimi. Sasa waambie hawa wenzako kama na mimi natania."